Maua ya Mkorosho wa Mama Agnesi

Juzi nilikuwa safarini kwenda Masasi kwa shughuli zangu, basi likasimama kando ya shamba ili dereva aangalie gurudumu. Dirisha langu lilikuwa wazi. Wenzangu mliokulia Kusini mnaijua harufu ya mkorosho unaochanua: tamu, nzito kidogo, ukiivuta sana inakukaa kooni. Mama aliyeketi karibu yangu akaivuta kwa raha zake zote, akasema mwaka huu watu watavuna. Mimi nikafunga dirisha. Akanitazama kwa mshangao, maana jua lilikuwa kali, nami nikamdanganya kwamba nina mafua.

Nilikuwa na miaka minane, labda tisa, na nilikuwa na kiburi. Niseme hivyo tangu mwanzo ili mtu asije akanihurumia bure. Baba yangu alikuwa mwalimu wa misheni pale Masasi, mama yangu alikuwa akipamba kanisa, na sisi watoto wa misheni tulijiona tumeumbwa kwa udongo mwingine. Kwetu maua yalikuwa kazi. Yalikuwa na bustani yake, yakimwagiliwa asubuhi na jioni: mawaridi, asumini, na mengine mekundu marefu ambayo sikupata kujua jina lake. Kila Jumamosi mimi na mama tuliyachuma tukaenda kuyapanga kanisani. Mama alikuwa na mpango wake: marefu nyuma, mafupi mbele, na shada moja huliacha lilegee upande, utadhani limesahauliwa. Watu walikuwa wakiingia kanisani wakitazama maua tu wanajua ni mkono wa nani.

Likizo ile baba akasema atanipandisha mlimani, Newala na Kitangari, nikaone nchi ya watu na nimwone shangazi yangu. Tulipanda lori la mizigo, juu ya magunia, hadi Newala. Baba akanishika mkono hadi pale ambapo nchi inakatika ghafla, chini kabisa unaona bonde lote na Ruvuma imelala huko mbali, na ng'ambo yake, akaniambia, ni kwa Wareno. Akanitaka nitazame vizuri kwa sababu nikirudi nitaandika insha. Kutoka hapo tulikwenda kwa baiskeli, mimi nyuma kwenye keria. Tulisimama kwa mchongaji mmoja aliyekuwa amekalia kigogo, akichonga mwanamke mwenye mtungi kichwani, vumbi jeusi la mpingo limemjaa miguuni. Tulikutana na bibi wawili wenye ndonya, yale mapambo ya mti, kwenye midomo, nami badala ya kuwaamkia nikajificha nyuma ya baba. Baba alinifinya sikio hadi nikasema shikamoo. Wale bibi wakaitikia marahaba kwa upole kabisa, wakaniuliza nimetoka wapi, nikamtazama baba ajibu yeye. Njia nzima mikorosho ilikuwa imechanua, kulia na kushoto, na mimi niliona ni maua tu.

Shangazi yangu tulimkuta anatusubiri njiani. Watu wote walimwita Mama Agnesi. Alikuwa dada mkubwa wa baba, aliolewa Kitangari na mtu wa huko, na mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Agnesi mwenyewe, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa Nanganga. Kwa hiyo mjane alikaa peke yake, nyumba ya udongo ya vyumba viwili, na mbele ya nyumba mikorosho mitatu ambayo marehemu aliipanda kwa mkono wake. Baba alilala usiku mmoja, asubuhi akarudi Newala kwenye mkutano wa walimu. Aliahidi kurudi Jumapili, siku ambayo Padri angekuja kusalisha Misa, maana pale Padri alifika mara moja kwa mwezi.

Hiyo mikorosho mitatu lazima niieleze. Kwa desturi ya kule mali ya mwanamume huenda kwa wapwa zake, watoto wa dada yake. Zamani haikuleta taabu, kwa sababu muhogo ukishang'olewa umekwisha. Mkorosho haung'oki. Unabaki hapo hapo ukizaa mwaka hadi mwaka, na aliyeupanda akifa ugomvi unaanza. Mpwa wa marehemu, mtu mzima aliyeitwa Baba Yohana, alidai miti, na hakuwa amekosea kwa desturi. Wazee walikaa baraza kwa jumbe, wakaamua mashamba yote yaende kwa Baba Yohana, lakini ile mitatu ya mlangoni mjane aachiwe hadi afe, kwa sharti moja: aishi kwa amani na ukoo wa mumewe. Akiwavunjia heshima, miti inarudi kwa wenyewe. Haya yote alinieleza shangazi mwenyewe, tukiwa tunapepeta mtama, bila uchungu wowote, kama mtu anayeeleza habari za hali ya hewa.

Na alinieleza kwa nini anaitaka. Kule mlimani hakuna maji. Wanawake waliamka kabla ya jua kutoka, wakateremka genge lote hadi chemchemi za bondeni, wakapanda tena na mtungi kichwani, na walipofika nyumbani jua lilikuwa utosini. Shangazi alikuwa na goti bovu. Kila alipotua mtungi nilisikia likilia. Korosho za mwaka huu, akaniambia, ni mabati. Akishapata mabati machache ya upande mmoja wa paa na pipa la kukingia, mvua itamletea maji mlangoni, na goti litapumzika. Alisema hivyo huku akilipapasa, akalicheka. Mimi asubuhi ile nilikuwa nimeosha miguu kwa kata mbili nzima za maji, na hakuwa amenisema.

Siku ya Ijumaa nilikuwa nafagia chini ya mikorosho. Maua yalikuwa yamejaa chini, nikamwuliza kama miti ni migonjwa.

“Hapana, mwanangu,” akasema. “Maua mengi ya mkorosho ni ya uongo. Hayazai. Yanapendeza siku mbili tatu, yanapukutika.”

Nikaelewa nilivyotaka kuelewa. Jioni tulikwenda kusali, na kanisa lile, la udongo na nyasi, altare yake ilikuwa na makopo mawili matupu. Matupu, siku mbili kabla ya Padri kuja! Nikawadharau. Nilijisemea moyoni kwamba watu hawa wamezungukwa na maua pande zote na hawajui kupamba, basi mimi nitawafundisha. Sikuwaza kuwa makopo yalikuwa matupu kwa sababu wakati wa kiangazi hakuna mtu wa kule anayelimwagia ua maji ya kunywa mtu, na ua pekee lililokuwepo, hakuna ambaye angethubutu kulikata.

Jumamosi shangazi alipoteremka bondeni nikachukua kisu chake cha jikoni na ungo. Niliuanza ule mti uliochanua kuliko yote, ambao matawi yake yalikuwa yameinama hadi chini, yakinirahisishia kazi. Nilikata vishada vizima vizima, pamoja na majani yake, kwa sababu majani hupendezesha. Nilizunguka mti wote. Nilipoona bado nikahamia wa pili. Utomvu ulinichoma vidole nami nikavumilia, nikijiona mfiadini. Nikachota maji ya akiba, yale yaliyobaki nyumbani, nikayapeleka kanisani yote. Nilipanga makopo mawili ya altare, nikapanga na chungu chini ya picha ya Bikira Maria, marefu nyuma, mafupi mbele, shada moja limelegea. Kisha nikayafunika kwa kanga kuukuu ili kesho watu washangae.

Walishangaa kabla ya kesho. Shangazi alirudi adhuhuri. Nilimwona kwa mbali akisimama njiani na mtungi kichwani, akitazama, kisha akaja mbio mbio na goti lile lile. Hakutua mtungi kwa utaratibu, ulimponyoka, ukapasuka. Akawa anashika ncha za matawi moja moja, pale palipokatwa, akizigeuza. Zilikuwa zimekatwa kwa kisu. Si mbuzi, si upepo. Nikamsikia anasema peke yake kwamba mabati yake yamekwenda, kwamba kila ncha ile ilikuwa na korosho zake. Ndipo nilipojua. Kabla ya hapo naapa sikujua. Hapo nilijua.

Aliondoka hivyo hivyo, nguo imelowa, hadi kwa Baba Yohana. Nilimfuata nyuma. Kwangu ilikuwa safari ya hatua mia mbili na kila hatua nilijiambia nikifika pale kwenye wembamba wa njia nitamwita. Sikumwita. Baba Yohana alikuwa uani ananoa jembe, na wageni wake wawili, na majirani walishaanza kusogea.

“Ungetaka miti ungesema tu,” shangazi akamwambia. “Kwa nini unikate kisu cha tumbo? Wewe ni mwizi. Wewe ni mchawi, Baba Yohana, na mjomba wako anakuona huko aliko.”

Neno mchawi kule halisemwi hivi hivi. Watu wakaguna. Baba Yohana akaweka jembe chini polepole. Hakupaza sauti.

“Mama Agnesi, sijavuka njia ya kwako tangu juzi,” akasema. “Kesho ni Misa. Nitapokea Komunyo mbele yako, na kama niligusa mti wako, iniue.”

“Ipokee,” shangazi akajibu. “Tutaona.”

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, mikono yangu nimeificha ndani ya gauni kwa sababu ya utomvu. Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Lakini watu walikuwa wengi, na baba angerudi kesho, na baba alikuwa na fimbo, na zaidi ya fimbo alikuwa na ule uso wake wa kusikitika ambao niliuogopa zaidi. Nikajipa moyo kwamba usiku nitakwenda kuyatoa yale maua kanisani niyatupe. Usiku ulipoingia nikaogopa giza. Mwizi mwoga hata wa kuficha alichoiba, ndiye mimi.

Jumapili baba alifika na Padri, kila mtu na baiskeli yake. Kanga ilikuwa imeshaondolewa na mzee wa kanisa, aliyedhani maua yameletwa na watu wa Newala. Nilipoingia niliyaona, meupe na ya waridi, mazuri kweli, mazuri mno. Shangazi alikuwa mbele yangu. Niliuona mgongo wake ukikakamaa. Baba Yohana alikuwa upande wa wanaume, naye alikuwa anayatazama.

Padri alikuwa mtu mwema. Kabla ya mahubiri alisema amesalisha katika makanisa mengi ya mlimani na hajaona altare iliyopambwa vile, akauliza ni nani aliyemfanyia Mungu kazi nzuri hivi. Kisha baba yangu, kwa furaha yake yote, mbele ya watu wote:

“Padri, hiyo ni mikono ya binti yangu. Ndivyo mama yake anavyopanga.”

Vichwa vikageuka. Baba alikuwa anatabasamu akinitafuta kwa macho. Baba Yohana akasimama, akasema kwa heshima kwamba maua yale ni ya mkorosho, na anaomba mtoto aulizwe ameyachuma mti gani. Padri akanitazama, akanisubiri. Nilikuwa na nafasi pana kabisa. Hata leo najua sentensi ile ilikuwa na maneno mangapi, manne tu: nilikata mimi mwenyewe, Padri. Nikatazama sakafu.

Shangazi akasimama.

“Nilimtuma mimi,” akasema. “Mti wangu, na mtoto nilimtuma mimi.”

Hapo hata mimi mtoto nilielewa alichokifanya. Kama yeye ndiye aliyenituma, basi alipokwenda kumwita mwenzake mwizi na mchawi alijua fika ni uongo. Kanisa zima lilielewa hivyo. Kuna mwanamke mmoja alisema “Loo” kwa sauti ya chini. Mzee wa kanisa akamnong'oneza Padri habari za ugomvi wa jana, Padri akamwuliza shangazi tena, akamjibu vile vile. Wakati wa Komunyo shangazi alipiga magoti pamoja na wengine na Padri akampita. Baba Yohana alipokea. Nami nilikuwa nimekaa nyuma ya nguzo, na maua yalikuwa yamesimama pale yakinukia.

Tulirudi nyumbani wawili. Nilingoja anipige; ningeshukuru. Aliniuliza jambo moja tu.

“Ulikuwa unajua?”

“Sikujua, Shangazi.”

“Basi,” akasema, akaingia ndani kuwasha moto.

Hilo “sikujua” lilikuwa kweli hadi Jumamosi adhuhuri. Baada ya hapo lilikuwa uongo, na uongo huo nilimpa yeye, ambaye saa moja iliyopita alikuwa amejitwika wangu.

Baraza halikuchukua muda. Sharti lilikuwa limevunjwa mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Jumatatu wazee walikuja wakamwambia miti imerudi kwa wenyewe, na nyumba ataishi humo kwa huruma ya Baba Yohana. Nasikia Baba Yohana mwenyewe aliomba wasimwondoe. Shangazi hakubishana. Alfajiri iliyofuata alichukua mtungi wa kuazima, akateremka bondeni, na sisi tukaondoka kabla hajarudi.

Baba aliendesha baiskeli hadi tukakaribia Newala. Kisha akasema, akiwa amenipa mgongo, kwamba dada yake amemwaibisha, kwamba hakutegemea mtu wa nyumba yao aseme uongo wa namna ile kwa tamaa ya korosho. Nilikuwa nimemshika kiuno. Shavu langu lilikuwa mgongoni mwake, hata jasho lake nilikuwa nalisikia, na sikusema. Hakurudi Kitangari tena, wala hakumwandikia barua, na katika ugonjwa wake wa mwisho, shangazi alipotuma salamu, baba alisema tu, haya, amesikia. Kwa hiyo miti mitatu, goti, na kaka yake. Vyote hivyo nilivikata kwa kisu cha jikoni.

Mtasema nilikuwa mtoto. Hata mimi nimejisemea hivyo miaka mingi, lakini nilikuwa mtoto hadi lini? Nilipokwenda chuo cha ualimu nilikuwa mtoto? Nilipoolewa, nilipoitwa Mama fulani na watu kunipa shikamoo? Shangazi alihamia Nanganga kwa Agnesi mguu ulipokataa kabisa, nami nikawa napita pale kila nikienda Lindi. Nilimletea sukari, nilimletea kanga, sabuni, dawa ya goti. Alinipokea kwa vigelegele. Mara moja, tukiwa wawili, nilianza kusema, “Shangazi, yale ya Kitangari,” akanikatiza akaniuliza kama nimekula. Nikafurahi kukatizwa. Hiyo furaha nayo naiandika hapa, kwa sababu ni sehemu ya aibu yenyewe.

Alipofariki tulimzika Nanganga. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Baba Yohana alikuja kutoka Kitangari, mzee sana, ameshikwa mkono na mjukuu wake, na aliomba aseme neno kabla ya udongo.

“Huyu alikuwa mke wa mjomba wangu,” akasema. “Alikuwa mwema. Katika maisha yake yote nilimjua kwa uongo mmoja tu, nao nilikwisha kumsamehe. Leo nasema mbele yenu ili asiende nao.”

Watu wakaitikia amina. Agnesi aliinamisha kichwa. Alikuwa ameishi na hadithi hiyo ya mama yake tangu ujana. Kisha mwongozaji wa shughuli akaliita jina langu, kwamba sasa mwalimu mstaafu, mtoto wa kaka wa marehemu, atazungumza kwa niaba ya familia. Nilisogea mbele. Baba Yohana alinipisha, akaniegemea kidogo begani apate kusimama vizuri, macho yake yakiwa kwangu. Nikawashukuru wote waliotoka mbali. Nikamshukuru Padri, wanakwaya, na waliochimba kaburi. Nikasema chakula kipo tayari kule nyumbani, mtu asiondoke bila kula, kisha nikarudi mahali pangu nikakaa.